Tuijue dunia: Tromelin, kisiwa cha watu waliosahauliwa

Wasomaji wapenzi, mara nyingi tunapotazama ramani ya dunia tunatafuta nchi kubwa, zenye miji na mito na watu mamilioni. Leo twawaalika mwende pamoja nasi hata nchi ndogo kabisa, isiyo na mji wala mto wala kijiji. Ni kisiwa cha Tromelin, katika Bahari ya Hindi. Mtu mwenye afya aweza kukizunguka chote kwa miguu kwa muda wa saa moja hivi. Hana mtu wa kumsalimu njiani, isipokuwa wafanyakazi wachache waliopelekwa huko kwa zamu. Lakini mahali hapo padogo pana habari nzito kuliko za nchi nyingi kubwa. Ni habari ya watu walionunuliwa kama mizigo, wakapewa ahadi, na ahadi ikasahauliwa kwa miaka 15.

Mahali kilipo

Ninyi wanafunzi, fungueni ramani. Toka pwani ya mashariki ya Afrika, vukeni bahari mpaka kisiwa kikubwa cha Madagaska, ambacho Waswahili wa kale walikiita Bukini. Kipiteni, mwendelee mashariki kilometa 450 hivi katika maji matupu. Hapo, kaskazini ya visiwa vya Réunion na Mauritius, mkiwa na macho makali mtaona nukta. Ramani nyingi hata nukta hiyo hazina. Ndiyo Tromelin.

Urefu wake ni meta 1,700 tu, na upana wake meta 700. Ukiiweka karibu na Idjwi, kisiwa chetu cha Ziwa Kivu, ni kama punje ya mchele karibu na ndizi. Hakina mlima wala kilima: mahali palipoinuka kupita pote pana meta 7 tu juu ya bahari. Ardhi yake ni mchanga mweupe na matumbawe, yaani mawe yaliyojengwa na vidudu vya baharini. Hakuna mto, hakuna chemchemi, hakuna miti mirefu. Vipo vichaka vifupi tu, vinavyostahimili chumvi na upepo.

Mtauliza: kisiwa kama hicho kimesimama juu ya nini katikati ya bahari? Kimesimama juu ya kilele cha mlima wa moto uliozimika zamani sana. Mlima huo unatoka chini kabisa ya bahari, kama meta 4,000, na matumbawe yakajijenga juu ya kilele chake. Ndiyo sababu ukiacha ufuko hatua chache, bahari huanguka mara moja kuwa kilindi. Merikebu hazipati mahali pema pa kutia nanga, na mawimbi hupiga pande zote. Hakuna bandari. Kukikaribia Tromelin ni hatari, na kutoka ni hatari vilevile. Mlishike neno hilo, kwa maana bila hilo habari inayofuata haieleweki.

Wenyeji wa kweli wa kisiwa ni ndege wa baharini, wanaotaga chini mchangani au juu ya vichaka, na kasa, yaani kobe wakubwa wa baharini, wanaopanda usiku kuzika mayai yao. Tena ni njia ya tufani. Kila mwaka, tangu Novemba mpaka Aprili, pepo kali huzunguka katika bahari hiyo na kuvunja kila kisicho imara.

Merikebu iliyopotea usiku

Mabaharia Wafaransa walikiona kisiwa hicho mara ya kwanza mwaka 1722, wakakiita Kisiwa cha Mchanga. Wakakiandika katika ramani, kisha wakaenda zao. Lakini wakati ule vyombo vya kupimia mahali baharini vilikuwa dhaifu, na ramani hazikupatana. Moja ilikiweka hapa, nyingine ilikiweka kule.

Mwaka 1760 merikebu moja ya Kampuni ya Kifaransa ya India, jina lake L'Utile, maana yake Yenye Faida, iliondoka Bayonne katika Ufaransa. Ilifika kisiwa cha Île de France, ndicho Mauritius ya leo. Siku hizo Ufaransa na Uingereza walikuwa katika Vita vya Miaka Saba, na gavana wa Île de France aliogopa njaa kama Waingereza wangekizingira kisiwa. Kwa hiyo aliituma merikebu Madagaska kuleta chakula, na alikuwa amekataza kuingiza watumwa wapya, wasije wakaongeza vinywa vya kulisha.

Nahodha wake, Jean de Lafargue, hakutii. Kwenye bandari ya Foulpointe, pwani ya mashariki ya Madagaska, alipakia vyakula, kisha akapakia kwa siri watu 160, wanaume na wanawake Wamalagasi, ili akawauze kwa faida yake. Mwezi Julai 1761 aliondoka. Ili asionekane, alishika njia isiyo ya kawaida. Alikuwa na ramani mbili zisizopatana juu ya Kisiwa cha Mchanga, naye akaendelea kusafiri hata usiku.

Usiku wa 31 Julai 1761 merikebu ikapanda juu ya mwamba. Mawimbi yakaipiga mpaka ikapasuka. Mabaharia waliokuwa juu wakajitupa majini na kushika mbao. Karibu 20 wakafa. Lakini wale Wamalagasi walikuwa chini, tumboni mwa merikebu, na vifuniko vilikuwa vimefungwa juu yao. Wengi wakazama bila kuona hata mwanga. Waliosalia walitoka tu kwa sababu merikebu yenyewe ilivunjika. Fikirini jambo hili: waliokolewa na kule kuvunjika kwa gereza lao.

Kisima, chombo na ahadi

Asubuhi, juu ya ule mchanga, palikuwa na makundi mawili. Kundi moja la Wafaransa 122, na kundi moja la Wamalagasi wapatao 80 au zaidi kidogo. Karani wa merikebu, Hilarion Dubuisson de Keraudic, aliandika mambo hayo, na kwa maandishi yake twajua siku zile zilivyokwenda. Maji machache yaliyookolewa hayakugawiwa kwa haki. Mpaka kisima kilipochimbwa na maji kuonekana, kwenda chini kama meta 5, Wamalagasi wengine walikuwa wamekwisha kufa kwa kiu.

Nahodha alichanganyikiwa akili, asiweze tena kuamuru. Ndipo msaidizi wake, Barthélemy Castellan du Vernet, aliposhika kazi. Alikuwa mtu wa akili na wa moyo mgumu. Akapanga kambi mbili, akajenga tanuri na mahali pa mhunzi, kisha akaanza kuunda chombo kidogo kwa mbao za merikebu iliyovunjika. Wamalagasi nao walifanya kazi hiyo: walibeba, walivuta, walisaidia kila siku. Kwa muda wa miezi miwili hivi chombo kilikuwa tayari, kikaitwa La Providence, maana yake Maongozi ya Mungu.

Lakini chombo kilikuwa kidogo. Tarehe 27 Septemba 1761 Wafaransa wote 122 wakapanda wakibanana, wakaelekea Madagaska. Ufukoni wakabaki Wamalagasi 60, wanaume kwa wanawake. Waliachiwa chakula cha miezi mitatu. Waliachiwa pia ahadi: merikebu itarudi kuwachukua.

Chombo kilifika Madagaska baada ya siku chache tu, na kisha mabaharia wakafika Île de France. Hapo Castellan alimwomba gavana ampe merikebu ya kuwafuata walioachwa. Gavana akakataa. Alisema ni wakati wa vita, na merikebu haiwezi kuhatirishwa kwa ajili ya watumwa, tena watumwa walioletwa kinyume cha amri yake. Castellan aliomba tena, akakataliwa tena. Mwisho akarudi kwao Ufaransa.

Mwaka 1763 vita vilikwisha. Sababu iliyotolewa ikawa imekufa. Na merikebu haikwenda.

Hapo, ndugu zetu, ndipo penye uzito wa habari hii. Dhoruba ni dhoruba, na vita ni vita. Mtu aweza kushindwa na mambo yaliyo makubwa kuliko yeye. Lakini baada ya 1763 bahari ilikuwa ile ile iliyopitwa na merikebu nyingi za biashara, na Île de France haikuwa mbali. Kilichokosekana ni mtu mwenye amri aliyehesabu wale 60 kuwa watu. Laiti wangalikuwa mabaharia 60 wa Ufaransa, je, wangaliachwa hivyo? Kila msomaji ajijibu mwenyewe.

Miaka 15 juu ya mchanga

Castellan hakusahau kabisa. Huko Ufaransa alizidi kuomba, na mwaka 1772 aliandika kwa waziri wa mambo ya bahari, hata amri ikatolewa kwamba watu wale wafuatwe. Mwaka 1773 merikebu iliyokuwa ikipita iliwaona watu kisiwani, ikapeleka habari Île de France. Kumbe bado wapo!

Lakini sasa kile tulichowaambia juu ya kisiwa kikaonekana kweli: hakikubali kukaribiwa. Mwaka 1775 merikebu La Sauterelle ilishusha mtumbwi wenye mabaharia wawili. Mtumbwi ukavunjwa na mawimbi. Mmoja aliogelea akarudi merikebuni, mwenzake akabaki kisiwani pamoja na Wamalagasi, na merikebu ikalazimika kwenda. Baharia huyo aliyebaki aliunda chelezo, kikatiwa tanga lililosukwa kwa manyoya ya ndege, akaondoka na wanaume 3 na wanawake 3. Hawakuonekana tena.

Mwishowe, tarehe 29 Novemba 1776, ilifika merikebu La Dauphine, chini ya amri ya afisa mmoja aliyeitwa Tromelin. Bahari ilikubali siku ile. Waliokutwa kisiwani walikuwa wanawake 7 na mtoto mmoja mchanga wa miezi 8. Katika watu 60 walioahidiwa kurudiwa, hao wanawake 7 tu ndio walioiona merikebu iliyoahidiwa. Walikuwa wamevaa nguo zilizosukwa kwa manyoya ya ndege.

Mtoto huyo alikuwa na mama yake, Semiavou, na nyanya yake, mama wa mama: vizazi vitatu juu ya mchanga mmoja. Wataalamu wa Kimalagasi wanalisoma jina hilo kuwa Tsimiavo, maana yake yeye asiyejivuna. Walipofika Île de France mwezi Desemba 1776, mkuu wa serikali aliyeitwa Jacques Maillart aliamua kwamba watu hao si watumwa, kwa kuwa waliletwa kwa udanganyifu. Aliwapokea wale watatu nyumbani mwake. Mtoto alibatizwa akapewa jina la Jacques Moyse: Jacques kwa jina la Maillart mwenyewe, na Moyse, yaani Musa, kwa kuwa naye aliokolewa katika maji. Mama akaitwa Eva, na nyanya akaitwa Dauphine, kwa jina la merikebu. Wanawake wale walipoulizwa kama wataka kurudishwa Madagaska, walikataa.

Walichokiacha mchangani

Kwa muda mrefu habari hii ilijulikana kwa upande mmoja tu, upande wa walioandika. Mwanachuoni Mfaransa Condorcet aliitaja mwaka 1781 katika kitabu chake cha kupinga utumwa wa watu weusi. Lakini Wamalagasi wenyewe hawakuacha barua. Waliacha vitu, na vitu navyo husema.

Tangu mwaka 2006 mpaka 2013 wachimbuzi wa mambo ya kale, wakiongozwa na Max Guérout, walikwenda Tromelin mara nne, kwa msaada wa jina la UNESCO. Walifukua mchanga pole pole, wakakuta kijiji.

Walikuta nyumba za mawe ya matumbawe, zenye kuta nene sana, zimekaribiana ili zikingane na tufani. Jambo hili lina maana kubwa. Katika desturi za Wamalagasi wengi wa wakati ule, nyumba ya aliye hai hujengwa kwa miti na majani. Jiwe ni la kaburi. Basi watu hawa walipaswa kushinda hofu ya desturi yao wenyewe, wakakubali kulala ndani ya mawe, kwa sababu upepo haukuwaachia njia nyingine.

Walikuta jikoni. Ninyi mkaao Katanga mwaijua shaba: basi sikieni. Sufuria za shaba zilizotoka merikebuni zilikuwa zimetoboka, zikatiwa viraka, zikatoboka tena, zikatiwa viraka tena, hata chombo kimoja kilionekana kimetengenezwa mara 8. Hawakuwa na misumari ya kufaa, kwa hiyo walikunja vipande vya shaba hiyo hiyo na kuvifanya misumari midogo. Walitengeneza vijiko vya shaba. Na, wasomaji wapenzi, walitengeneza pia bangili na mapambo. Mtu anayefikiri juu ya chakula peke yake hatengenezi bangili.

Moto nao waliutunza. Habari za kale zasema kwamba katika miaka yote 15 haukuzimika, nao wachimbuzi walikuta mawe ya gumegume na vyuma vya kupiga cheche, hivi kwamba ungalizimika wangaliweza kuuwasha tena. Kuni zao zilikuwa mbao za merikebu. Chakula chao kilijulikana kwa mifupa: kasa, na ndege wa baharini kwa maelfu.

Hivyo ndivyo watu waliohesabiwa kuwa mizigo walivyojionyesha kuwa ni nani. Walikuwa na kijiji, na kazi iliyogawanywa. Walijenga, wakapika, wakajipamba. Hakuna aliyewaamuru. Kwa miaka 15 walikuwa watu huru mahali ambapo hapana njia ya kutoka, na walipofikiwa walikuwa bado wana utaratibu wao.

Kisiwa leo

Jina la Tromelin limebaki juu ya ramani, jina la afisa aliyewafuata. Majina ya wengi wa wale 60 hayajulikani. Mwaka 1954 kilijengwa kituo cha kupima hali ya hewa, kwa sababu tufani zinazopita hapo huelekea Madagaska, Réunion na Mauritius, na habari iliyotangulia huokoa maisha. Kuna uwanja mdogo wa ndege juu ya mchanga. Mwaka 2005 panya walioletwa na merikebu waliangamizwa wote, na tangu hapo ndege wa baharini wanaongezeka.

Tena ni kisiwa cha ugomvi. Ufaransa wakitawala, na tangu mwaka 2007 wamekiweka pamoja na nchi zao za kusini ya dunia. Mauritius nao wasema ni chao. Mwaka 2010 serikali mbili zilitia sahihi mapatano ya kukisimamia pamoja, lakini Bunge la Ufaransa halikuyathibitisha, na mwaka 2017 mjadala wake uliondolewa. Mtashangaa: kwa nini kugombea kilometa moja ya mraba ya mchanga? Ni kwa sababu mwenye kisiwa hudai bahari inayokizunguka, nayo ni kilometa za mraba 280,000 hivi, yenye samaki wengi. Zamani merikebu moja haikupatikana kwa ajili ya watu wa Tromelin. Siku hizi mataifa mawili wanashindania maji yake.

Ufaransa ulikomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1794, ukaurudisha mwaka 1802, ukaukomesha kabisa mwaka 1848. Nasi katika Kongo hatusomi mambo hayo kama ya wageni. Nchi za Maniema, Nyangwe na Kasongo, zakumbuka misafara ya karne ya 19, na watu waliofungwa pamoja wakaelekezwa pwani. Wao nao wengi hawakuandikwa majina.

Wazee wetu husema: ahadi ni deni. Deni la tajiri hukumbukwa, kwa maana tajiri huja mwenyewe kulidai. Deni la maskini husahauliwa, kwa kuwa yuko mbali, hana mtumbwi, na sauti yake haivuki mawimbi. Tena mwenye kuahidi huwa na sababu nzuri siku ya kwanza, na sababu hiyo ikifa hatafuti kujua kama deni limekufa nayo. Yawapasa wenye madaraka kulifikiri, na sisi sote pia: baba aliyemwahidi mtoto karo ya shule, kijana aliyekwenda mjini akiahidi kurudi kuwatazama wazazi, jirani aliyekopa mbegu kwa mjane.

Na ninyi wanafunzi, mkiirudia ramani na kuiona ile nukta, au mkiitia wenyewe kwa kalamu mahali isipokuwapo, andikeni kando yake, pamoja na jina Tromelin, jina la Semiavou.